Makande ya Ugweno na Jiko la Maikrowevu

Ugweno, katika milima ya Upare ya Kaskazini, ni nchi iliyoujua moto tangu kale. Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha 1969 juu ya historia ya siasa ya Wapare, ameeleza habari za Washana, ukoo wa wahunzi uliotawala Ugweno kabla ya utawala kuchukuliwa na ukoo wa Wasuya. Chuma cha Ugweno kilitafutwa hata na Wachaga. Mhunzi hakuwa na moto wa namna moja tu. Moto wa kuyeyusha mawe ya chuma ulikuwa mmoja, na moto wa kulainisha jembe lililokwisha kufuliwa ulikuwa mwingine. Kazi ndiyo iliyochagua moto. Kanuni hiyo ya mhunzi yafaa kukumbushwa leo, maana jikoni inasahauliwa.

Siku hizi umeme umefika katika vijiji vingi vya milimani, na pamoja nao vimefika vyombo vya kupikia vya umeme. Kimojawapo ni jiko la maikrowevu. Wako wanaolisifu kwamba litaondoa kabisa kuni na moshi, na wako wanaolihofu kwamba linatia sumu katika chakula. Pande zote mbili zimekosea kwa sababu moja: zimeanza na jiko badala ya kuanza na chakula chenyewe.

Jiko hili ni mtoto wa rada. Mwaka 1940, John Randall na Harry Boot wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, waliunda magnetroni yenye nguvu ya kutoa mawimbi mafupi mno kwa ajili ya rada za vita. Mwaka 1945, huko Marekani, Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon alitambua kwamba mawimbi hayo yanaweza kupasha chakula joto. Mawimbi ya jiko la nyumbani hutetema mara milioni 2,450 kwa sekunde, na urefu wa wimbi moja ni sentimeta 12 hivi. Molekuli ya maji ina upande wenye chaji chanya na upande wenye chaji hasi. Kwa hiyo hugeukageuka kufuata mawimbi, ikisukumana na jirani zake, na msukosuko huo huwa joto. Mawimbi hupenya sentimeta chache tu ndani ya chakula. Sehemu ya ndani zaidi hupata joto lake kwa kupokezana, kama katika chungu chochote.

Kwa hiyo hofu ya sumu haina msingi. Mawimbi haya hayana nguvu ya kuvunja atomu, wala chakula hakibaki na mnunurisho baada ya jiko kuzimwa. Hatari iliyopo ni ya namna nyingine. Madini huyarudisha mawimbi na huweza kutoa cheche. Sufuria ya alumini haifai humo, wala sahani ya bati iliyopakwa rangi, ambayo wengi hudhani ni ya udongo. Bakuli la kioo au la kauri ndilo linalofaa.

Sasa na liulizwe swali la mhunzi: kazi ni ipi? Chakula kinachojulikana sana Upareni ni makande, yaani mahindi yaliyokobolewa yakachemshwa pamoja na maharage. Ni chakula cha kushibisha na cha kuliwaza, nacho kina tabia moja: hakiivi upesi. Ili punje ilainike, maji hayana budi kupenya hadi kiini chake, wanga uvimbe, na vifungo vinavyoshikamanisha chembechembe za harage vilegee. Mambo hayo hutaka jotoridi la kutosha na muda wa kutosha. Harage halijui kama joto limetoka kwenye kuni, mkaa au mawimbi.

Hapo milima ina neno lake. Pwani ya Tanga maji huchemka kwa nyuzi 100 za sentigredi. Kwa kila meta 300 za kupanda, kiwango hicho hushuka karibu nyuzi moja, kwa kuwa kanieneo ya hewa hupungua. Penye kimo cha meta 1,500 maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi, na kuongeza moto hakuyapandishi zaidi. Mpishi wa mlimani anayelalamika kwamba maharage yake ni magumu kuliko ya binamu yake wa Tanga hajakosea. Fizikia iko upande wake. Jiko la maikrowevu nalo limefungwa na sheria hiyo hiyo. Litachemsha maji kwa dakika chache, lakini baada ya hapo litangoja makande kama mafiga yanavyongoja.

Hesabu ndogo itaonyesha upotevu ulipo. Chungu cha makande chenye kilo 3 za maji na nafaka, tukichukua kwa kukadiria kwamba vyote hupokea joto kama maji, huhitaji kilojuli 945 ili kupanda kutoka nyuzi 20 hadi 95. Lakini lita moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na kilojuli 2,260. Maana yake, mvuke wa lita moja tu umechukua joto zaidi ya mara mbili ya lile lililochemsha chungu kizima. Moto mkali uliowashwa chini ya chungu kinachochemka tayari haupiki makande; unapika hewa. Kifuniko kizito na moto wa kadiri vinaokoa kuni bila gharama yoyote, na maharage yaliyolowekwa usiku kucha hupunguza muda wa kuchemsha kwa sababu maji yamekwisha kupenya.

Panapopatikana fedha ya kununua chombo cha umeme kwa ajili ya makande, chombo kinachostahili kutangulia ni sufuria ya presha ya umeme. Mvuke uliofungiwa huongeza kanieneo, na maji hufikia nyuzi 115 hivi kabla ya kuchemka. Upungufu wa mlima unafidiwa, na makande huiva kwa sehemu ndogo ya muda wa kawaida. Joto linalohitajika kufikisha kilo 3 kwenye nyuzi 115 ni theluthi moja ya uniti ya umeme. Hata ukiongeza kinachopotea, halifiki mbali. Jiko la maikrowevu linalovuta wati 1,150, likifanya kazi mfululizo kwa saa mbili, humeza zaidi ya uniti mbili.

Liko pia jambo la afya ambalo halipaswi kupuuzwa. Maharage, hasa mekundu, yana protini iitwayo fitohemaglutinini, ambayo ikiliwa bila kuharibiwa na joto huleta kutapika na kuhara kwa muda wa saa chache. Joto la vuguvugu haliiondoi. Maharage yaliyopikwa kwa nyuzi 80 huweza kudhuru kuliko hata mabichi. Salama yake ni kuyaloweka saa tano au zaidi, kumwaga maji hayo, kisha kuyachemsha hasa kwa maji mapya kwa nusu saa walau, na milimani zaidi, kabla ya kuyaacha yaendelee polepole au kuyatia katika kikapu cha kutunzia joto. Anayeharakisha maharage kwa dakika kumi za maikrowevu ameihifadhi sumu halisi huku akiogopa sumu ya kuwaziwa.

Je, jiko la maikrowevu halina nafasi Ugweno? Linayo, na nafasi hiyo ni kiporo. Makande hupikwa mengi jioni ili yaliwe tena asubuhi. Kuwasha moto mzima kwa ajili ya bakuli moja ni hasara. Nusu kilo ya kiporo, kutoka nyuzi 20 hadi 75, huhitaji kilojuli 116. Jiko la kutoa wati 700 humaliza kazi hiyo kwa dakika tatu, kwa gharama ya sehemu moja ya ishirini ya uniti. Sharti lake ni kukoroga katikati ya kazi, kwa kuwa mawimbi hayaenei sawasawa, na kuhakikisha kiporo chote kimepita nyuzi 70, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Viazi na ndizi chache za mtu mmoja huiva humo vizuri vilevile.

Mei 2024 ilizinduliwa mikakati ya taifa ya nishati safi ya kupikia, yenye lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Lengo hilo ni jema. Msitu wa Kindoroko ni chanzo cha maji ya watu walio chini ya mlima, na saa ambazo msichana huzitumia kubeba kuni ni saa zilizotolewa katika masomo yake. Lakini lengo halitafikiwa kwa kuhesabu majiko yaliyonunuliwa. Chombo kilichochaguliwa vibaya hugeuka pambo la mezani, na mama hurudi kwenye mafiga akiamini kwamba umeme ni ghali na haufai kwa chakula chake.

Hapo ndipo shule za sekondari zina wajibu. Mwalimu wa fizikia ana kipimajoto, na kila nyumba ina chungu. Wanafunzi na wapime jotoridi la maji yanayochemka kijijini kwao, wapime uzito wa chungu kabla na baada ya kuchemka bila kifuniko, na walinganishe muda wa maharage yaliyolowekwa na yasiyolowekwa. Mwanafunzi aliyefanya hivyo ataweza kumshauri mamaye kwa adabu na kwa hesabu, na mama ataona kwamba elimu ya mwanawe imefika hadi jikoni.