Tupeni tarehe, wasiwasi utapungua

WASWAHILI husema wasiwasi ndiyo akili, na mimi nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Mama anayeamka usiku kuhakikisha mlango umefungwa hana ugonjwa wowote, anatumia akili yake. Mzazi anayeanza kuhesabu fedha za madaftari na sare mwezi Julai wakati shule zinafunguliwa Septemba naye hakosei. Matatizo yanaanza pale akili hiyo inapokataa kupumzika hata baada ya mlango kufungwa, ikabaki inazunguka usiku kucha juu ya jambo lile lile bila kufika popote.

Mtu wa namna hiyo hapa kwetu tunamwambia “usijali”, au “vumilia”, au “mwachie Mungu”. Mimi ni muumini na sina ugomvi na maneno hayo. Lakini katika miaka yangu yote ya kushika chaki sijamwona hata mwanafunzi mmoja aliyeacha kuwa na wasiwasi kwa sababu ameambiwa aache. Anachoacha ni kusema. Wasiwasi unabaki naye, sasa ukiwa na aibu juu yake, maana mtoto anaanza kuamini kwamba wenzake wote wametulia isipokuwa yeye.

Nadhani tunakosea kwa sababu hatujiulizi wasiwasi unakula nini. Wengi tunadhani unakula shida. Kama ni hivyo, mwenye shida kubwa ndiye angekuwa na wasiwasi mkubwa, na mwenye shida ndogo angelala vizuri. Msomaji unajua mwenyewe kwamba sivyo ilivyo. Wako watu waliopata habari mbaya kabisa wakalala usiku ule ule, na wako waliokesha wiki nzima wakisubiri jibu ambalo hatimaye lilikuwa zuri.

Mwaka 2016 watafiti wa London walichapisha jaribio ambalo linaeleza jambo hili vizuri. Watu 45 walicheza mchezo wa kompyuta wa kukisia kama chini ya jiwe kuna nyoka. Pakiwa na nyoka, mchezaji alipigwa shoti ndogo ya umeme mkononi, yenye maumivu kidogo. Watafiti wakapima jasho na mboni za macho. Wasiwasi ulikuwa mkubwa zaidi pale uwezekano wa kupigwa shoti ulipokuwa nusu kwa nusu. Mtu aliyejua kwa hakika kwamba atapigwa alikuwa ametulia kuliko yule ambaye hakujua kama atapigwa au atapona.

Sisi tuliosoma uhamishoni hatukuhitaji kompyuta kulijua hilo. Katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, upande wa Tanzania, waliishi Warundi waliokimbia mwaka 1972 pamoja na watoto na wajukuu wao. Mwaka 2007 na 2008 kila familia ilitakiwa kuchagua kati ya kurudi Burundi na kuomba uraia wa Tanzania. Zaidi ya watu 50,000 tulirudi. Yaliyotukuta yanafahamika: mashamba yenye wenyeji wengine, watoto wasiojua Kifaransa, majirani waliotutazama kama wageni. Yalikuwa magumu, lakini yalikuwa na sura, unaweza kuyataja moja moja.

Waliobaki walikubaliwa uraia, watu wapatao 162,000. Lakini vyeti havikutolewa papo hapo, kwa kuwa walitakiwa kwanza wahame makazi hayo na kwenda mikoa mingine. Safari ile ya kuhama haikufika, vyeti navyo havikufika, hadi mwaka 2014 vilipoanza kugawiwa. Kwa miaka hiyo yote mtu hakujua kama apande miembe au apande maharage tu, kama aezeke nyumba upya au aiache ivuje. Nikizungumza na ndugu wa pande zote mbili, waliorudi wanasimulia taabu, na waliobaki wanasimulia kusubiri. Sijui kama nitaeleweka nikisema kwamba hao wa pili ndio waliozeeka haraka.

Tuje kwenye mambo ya sasa. Katika uhaba wa mafuta wa mwaka 2024 na 2025 tulishuhudia foleni za magari zilizolala mitaani Bujumbura. Dereva aliyeambiwa waziwazi kwamba kituo hakina mafuta hadi Alhamisi alikasirika, akafunga gari, akaenda kula na watoto wake. Aliyeambiwa “huenda yakaja leo” alilala ndani ya gari, na kesho yake akalala tena. Nani kati yao alikuwa na mafuta? Hakuna.

Kwa hiyo ninapozungumza na wanafunzi wa darasa la tisa, wanaojiandaa kwa mtihani wa taifa, huwa siwaambii wasiogope. Nawapa karatasi wagawe hofu zao mara mbili: zile zinazoweza kujibiwa kwa kumuuliza mtu au kufanya kitu leo, na zile ambazo hakuna binadamu anayeweza kuzijibu kabla ya siku yake. “Sielewi milinganyo” iko upande wa kwanza. “Nikifeli baba atasema nini” iko upande wa kwanza pia, ingawa watoto huiweka upande wa pili. Mwambie mtoto akamuulize baba. Mara nyingi anarudi amepungukiwa mzigo, hata kama jibu la baba halikuwa tamu.

Hizo za upande wa pili haziondoki kwa karatasi. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Marekani, Thomas Borkovec, pamoja na wenzake, walichapisha njia ambayo bado inatumika mpaka leo. Mtu anatenga nusu saa kila siku, mahali pale pale na wakati ule ule, iwe ndiyo nusu saa ya kuhangaika. Wasiwasi ukija asubuhi unaambiwa usubiri saa yake. Inachekesha, najua. Walimu wenzangu walicheka. Lakini walioijaribu katika utafiti ule walipunguza muda wa kuhangaika ndani ya wiki chache, kwa sababu ni rahisi kuahirisha wazo kuliko kulifukuza. Ninachoongeza mimi ni kwamba nusu saa hiyo isiwe kitandani.

Na kama mtu hawezi peke yake? Jirani zetu wa Zimbabwe wana neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Ni kama sisi tunavyosema fulani “ana mawazo”. Mwaka 2006 daktari wao, Dixon Chibanda, alianza kuwafundisha akina bibi wa Harare kukaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wa namna hiyo. Bibi hasemi “usijali”. Anamtaka mgeni wake ataje shida zote, achague moja, kisha wapange pamoja hatua moja ndogo. Matokeo ya jaribio lao katika zahanati 24 yalichapishwa mwaka 2016, na waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi tunazo na bibi tunao. Asiyelala wiki baada ya wiki, au anayesema heri afe, huyo apelekwe kwa wataalamu mapema, kama wale wa hospitali ya Kamenge, bila kungoja majirani waanze kunong’ona.

Lakini sitaki mzigo wote abebeshwe mwenye wasiwasi. Nyuma ya wasiwasi mwingi wa kila siku yuko mtu mwenye habari ambaye amenyamaza. Karani anajua mshahara hautatoka wiki hii na anasema “njoo kesho”. Mkuu wa shule anajua matokeo bado hayajafika na anawaacha wazazi wasimame langoni tangu asubuhi. Kipande cha chaki hakina gharama. Andika ubaoni: matokeo hayajafika, tutatangaza Ijumaa saa nne. Na Ijumaa saa nne, kama bado hayajafika, toka nje uandike tarehe nyingine.