Kulia Peke Yake Si Nguvu



Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu alikuja kwangu na karatasi mbili mkononi. Skuli kwao kuna mashindano ya kusimulia kisa jukwaani: mtu mmoja, dakika chache, bila ya kitabu. Kisa alichopewa ni cha mke anayepigwa. Analia, anapiga magoti, anaomba radhi kwa kosa asilolifanya, anazimia. Basi, kimekwisha.

"Shangazi," akaniambia, "mwalimu kasema nikilia vizuri nitashinda."

Na kweli angeshinda. Nimekaa kwenye kumbi hizo, nayajua makofi yanayopigwa machozi yakitoka. Kisha tunajisifu kuwa kisa kina mwanamke shupavu, kumbe ana mateso tu. Sikatai kwamba kipigo kipo. Kipo majumbani mwetu, na wanaokificha tunawajua. Ninachokataa ni msichana kufanya mazoezi ya kupiga magoti mwezi mzima, asipewe hata sentensi moja ambayo mwanamke huyo anaamua jambo.

Nilimwambia tutafute ukurasa ambao mwanamke anaamua, hata kama uamuzi wenyewe utamtia matatani. Hatuna haja ya kwenda mbali. Katika Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, Yasmin ameozwa angali msichana kwa Raza, mtu mzima aliyempita mbali kwa umri. Anaondoka. Jamaa zake wanamkataa, na anayempokea ni shoga yake Mwajuma, kule Ng'ambo. Kwa msimuliaji mmoja hapo pana kazi tamu: sauti ya aliyekuja na hofu yake, na sauti ya mwenye nyumba mchangamfu. Yupo pia Maimuna wa Utengano ya Said Ahmed Mohamed, aliyefungiwa ndani na baba yake, Maksuudi. Wengi hukimbilia kurasa za mjini anakoharibikiwa, kwa sababu zina vituko. Mimi ningechukua pale anapotaka kutoka, mlango uko mbele yake na hajui nje kuna nini.

Najua mtaniambia vitabu hivi vina ulevi na mambo ya aibu. Vinayo. Ndiyo maana tunachagua kipande, na mama akisome kwanza kabla mtoto hajakihifadhi. Kama ukumbi una wanaume na roho yako haitulii, muulize mwalimu mapema kama wasichana watasimulia mbele ya wanawake watupu. Hilo nalo ni la kuulizwa, si la kunung'unikia nyumbani baadaye.

Lakini anayeniambia kuwa binti wa Kiislamu kazi yake ni kuinamisha kichwa tu, huyo nitampeleka kwenye mwanzo wa Suratul Mujadila. Khaula binti Thaalaba alipoambiwa na mumewe kwamba kwake yeye ni kama mgongo wa mama yake, hakujifungia chumbani. Alikwenda kwa Mtume (S.A.W.), akajadiliana naye, akamshitakia Mola wake, na wahyi ukashuka. Sura ikaitwa kwa kule kujadili kwake. Khaula hatumuigizi jukwaani, heshima ya masahaba tunaijua. Ila binti aliyefundishwa kisa chake hashangai akimkuta mwanamke kitabuni anasema "sitaki".

Basi tukachagua Yasmin na Mwajuma. Mazoezi tunafanyia kwangu, jikoni, na dada yake mkubwa huwepo pia kwa sababu anaolewa Mfungo Mosi inshaallah, na singo yake naitwanga mimi. Siku za mwanzo alikuwa akicheka tu. Jioni moja akanyamaza mpaka mwisho, mkono umo ndani ya bakuli la singo. Mdogo wake alipotoka akaniuliza, "Shangazi, nikitaka kuendelea na chuo baada ya ndoa, naruhusiwa kulisema kabla ya kuozwa, au ndiyo nitaonekana sina adabu?"

Nikamwambia sharti la halali husemwa kabla, na amwambie baba yake kwa maneno hayo hayo aliyoniambia mimi.

Amemwambia. Kaka yangu alikaa kimya kidogo, kisha akachukua simu kumpigia baba wa bwana harusi. Jibu lao bado tunalingojea. Mdogo mtu naye kesho anakuja tena, sauti ya Mwajuma bado haijamkaa vizuri.