Mzazi Asiitwe Kutazama Tu

Katika shule nyingi nchini siku ya wazazi huendeshwa kwa utaratibu mmoja unaojulikana. Mgeni rasmi hufika, ngoma hupigwa, risala husomwa, utepe hukatwa. Kisha huongozwa hadi chumba ambamo kazi za sanaa za wanafunzi zimepangwa juu ya meza zilizofunikwa vitambaa vyeupe. Huzipitia kwa dakika chache, huuliza swali moja au mawili, hutia saini katika kitabu cha wageni, na safari ya kwenda jukwaani huanza. Wazazi, ambao siku yenyewe imepewa jina lao, huingia baadaye kwa foleni, nao hukuta maandishi ukutani: USIGUSE.

Jambo la kusikitisha, na pengine la kuchekesha, ni kwamba baadhi ya vitu hivyo wasivyoruhusiwa kuvigusa wamevitengeneza wao wenyewe. Kila mwalimu anafahamu jinsi kazi za mikono zinavyopatikana. Mtoto huambiwa alete mkeka, ufagio au chungu kwa ajili ya alama. Mtoto humwambia mama. Mama hukesha akisuka, au akikosa nafasi huenda sokoni kununua. Wiki tatu baadaye mama huyo huyo husimama mbele ya mkeka wake, umeandikwa jina la mwanawe, na kijana wa skauti analinda usiguswe. Picha nazo zina habari yake. Zipo zinazochorwa na mwanafunzi na kumaliziwa na mwalimu usiku wa kuamkia sherehe, ili shule isiaibike.

Hapo anayedhulumiwa kwanza ni mtoto. Hufundishwa kwamba sanaa ni kitu cha kumwonyesha mkubwa, si kazi ya kufikiri na kutenda. Mzazi naye, hasa yule ambaye mwanawe amechagua kusomea uchoraji, uchongaji au maigizo badala ya uhasibu, hurudi nyumbani na shaka ile ile aliyokuja nayo. Ameona picha nzuri, hakuona elimu. Hakuna aliyemweleza kijana wake anajifunza nini, wala aliyemtaka ajaribu mwenyewe aone ugumu wake. Shaka hiyo si jambo dogo. Ndiyo inayoamua kama ada italipwa muhula ujao, na kama binti mwenye kipaji ataachwa aendelee au ataitwa nyumbani.

Utengano huu wa mtendaji na mtazamaji haukutoka katika mila za nchi hii. Msimulizi wa hadithi hutamka "Paukwa" kisha hungoja. Asipoitikiwa "Pakawa" hana hadithi ya kusimulia. Katika ngoma aliyekuwa pembeni akipiga makofi huingia uwanjani, na aliyekuwa uwanjani hutoka akapumzika. Viti vilivyopangwa kwa safu, jukwaa lililoinuliwa na kamba iliyofungwa mbele ya picha ni mazoea yaliyokuja pamoja na shule za kikoloni, yakabaki baada ya wenyewe kuondoka.

Wapo waliokwisha kuonyesha njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Profesa Penina Mlama, ambaye tamthilia zake za awali zilitoka kwa jina la Penina Muhando, walikwenda Malya mkoani Mwanza, na baadaye Msoga wilayani Bagamoyo. Hawakwenda na mchezo uliokwisha kuandikwa. Wanavijiji wenyewe walichunguza matatizo ya kijiji chao, wakayatungia michezo na ngoma, wakaionyesha mbele ya wenzao, na maonyesho yakafuatiwa na mjadala. Mtazamaji alikuwa na haki ya kusema kwamba mambo hayakuwa hivyo. Bagamoyo penyewe, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981 na tamasha lake la kila mwaka likaanza mwaka 1982, wakazi wa mji wamezoea kukaa karibu na wanafunzi wanaopiga ngoma, marimba na zeze kiasi cha kutambua mara moja nani amekosea.

Sanaa za ufundi ndizo zilizobaki nyuma. Mchoro, kinyago na chungu bado huwekwa mezani kama maiti anayesubiri kuagwa. Hakuna sababu iwe hivyo. Mwanafunzi wa ufinyanzi anaweza kukaa na udongo wake mbele ya wazazi, naye mzazi akakaribishwa kufinyanga. Katika mkusanyiko wowote wa wazazi wa mkoa wenye wafinyanzi hatakosekana mama mmoja atakayeuminya udongo kwa vidole viwili na kusema kwamba haukuchanganywa mchanga wa kutosha na chungu kitapasuka motoni. Hapo mwalimu amepata mwalimu mwenzake, na mwanafunzi amepata somo ambalo halimo kitabuni. Ukili ulioachwa bila kumalizika, na miyaa iliyotiwa rangi ikiwekwa kando yake, utakuwa mrefu jioni kuliko ulivyokuwa asubuhi. Ukuta mmoja wa darasa ukifunikwa karatasi na wanafunzi wakachora ramani ya kata yao, kila mzazi aweza kupewa mkaa achore njia anayopita kwenda shambani, kisimani au kituo cha basi. Ifikapo saa kumi ramani hiyo itakuwa na habari ambazo ofisi ya mtendaji wa kata yenyewe haina. Mzazi asiyeona naye, ambaye maandishi ya USIGUSE yamemfungia mlango kabisa, atakisoma kinyago kwa mikono.

Na maelezo ya kazi yaandikwe kwa Kiswahili. Zipo shule ambako vikaratasi vyote vilivyobandikwa chini ya picha vimeandikwa Kiingereza, wakati wageni walioalikwa ni wakulima na wavuvi. Haifahamiki walioandika walitaka kusomwa na nani.

Lakini si kila kinachoguswa ni maonyesho ya kushirikisha. Kumpa mzazi brashi apake rangi mahali palipokwisha kuchorewa mistari ni kumchezea. Kipimo ni kama kazi inabadilika kwa mkono wake, na kama mwanafunzi anaweza kueleza mabadiliko hayo na kuyajibu. Msanii wa Brazili, Lygia Clark, alianza mwaka 1960 kutengeneza vinyago vya mabamba ya metali yaliyoungwa kwa bawaba, akakusudia kwamba mtazamaji ayakunje na kuyakunjua apendavyo, kwani bila mkono huo kazi haijakamilika. Baadaye vikawa vitu vya thamani kubwa, na katika makumbusho mengi vinatazamwa bila kuguswa. Hata sanaa iliyozaliwa ili iguswe huweza kufungiwa, wenye nyumba wakiijali mali kuliko kazi.

Walimu watauliza juu ya uharibifu, na swali lao ni la haki. Kazi inayosubiri kusahihishwa kwa ajili ya mtihani haiwezi kutupwa mikononi mwa watu mia tatu. Ikae chumba chake, na hata kamba ifungwe. Zinazoshikwa ziwe zile zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, kwa udongo, makaratasi, miyaa na mbao chakavu, vitu ambavyo havihitaji kibali cha manunuzi. Kuhusu muda, risala ya kurasa sita ikipunguzwa kuwa mbili, saa moja itapatikana bila shida.

Kuna pingamizi lisilosemwa hadharani, nalo ndilo zito zaidi. Maonyesho ya kushirikisha hayawezi kughushiwa. Mwanafunzi ambaye picha yake ilimaliziwa na mwalimu hataweza kuchora mbele ya baba yake, na mkeka ulionunuliwa sokoni hauendelei kusukwa na mtu asiyejua kuanza ukili. Shule zitakazoogopa jambo hili zina sababu ya kuogopa, na maofisa elimu wanaotembelea sherehe hizo wangefanya vema kutazama ni meza zipi zimezungushiwa kamba.

Mtaala ulioboreshwa, ambao utekelezaji wake ulianza Januari 2024, umeweka mkondo wa amali katika sekondari sambamba na mkondo wa jumla, na sanaa ni miongoni mwa fani zake. Wazazi wengi wataamua juu ya mkondo huo kwa yale watakayoyaona shuleni kwa macho yao na kuyashika. Barua za mwaliko wa siku ya wazazi huandikwa majuma kadhaa kabla ya sherehe, na kwa kawaida humtaka mzazi afike saa mbili kamili bila kukosa. Mkuu wa shule anaweza kuongeza sentensi moja ya kumwomba mzazi aje na kifaa cha kazi anayoijua, iwe sindano ya mkeka, tezo au mwiko wa kuashia, na kumtajia jina la mwanafunzi atakayekuwa akimngojea.