Ukienda Dar es Salaam, Lala Karibu na Shughuli Yako

Karatasi ya rufaa haina nafasi ya kuandika mahali pa kulala. Daktari wa mkoa huandika jina la mgonjwa, ugonjwa wake na hospitali anakopelekwa, kisha hutia sahihi na muhuri. Jioni ile jamaa hukusanyika nyumbani. Nauli huhesabiwa, mtu wa kumsindikiza mgonjwa huchaguliwa, na mwishoni mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote huuliza, "Na huko mtafikia wapi?"

Jibu la kwanza ambalo hutoka vinywani mwetu ni kwamba tutafikia kwa ndugu. Ni jibu zuri, na mtu asilidharau. Hata hivyo, hapana budi tuitazame Dar es Salaam kama ilivyo. Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 5,383,728. Dodoma ndiyo makao makuu ya nchi, kwa uamuzi wa TANU wa mwaka 1973 uliowekwa katika sheria mwaka 2018, lakini Muhimbili, Ocean Road, bandari na maduka ya jumla ya Kariakoo hayakuhama. Ndugu yako naye, aghalabu, haishi karibu na mahali hapo. Amepanga vyumba viwili Chamazi, au Gongo la Mboto, au Bunju, na watoto wake wawili hulala sebuleni. Atakupokea, kwa kuwa hawezi kukukataa. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mgonjwa wa hospitali hajui siku mbili. Kila alfajiri utaamka saa kumi, utawaamsha watoto wa wenyewe, utapanda magari mawili au matatu, na utafika wodini jasho likikutoka kabla siku haijaanza.

Kwa maoni yangu, kufikia kwa ndugu kunafaa ikiwa shughuli ni ya siku mbili tatu, au ikiwa ndugu mwenyewe yuko jirani na shughuli hiyo. Pasipokuwa hivyo, panga chumba. Jambo la kuangalia ni moyo wa ndugu, maana wapo watakaosema, "Mmetuona hatufai?" Usimfiche, wala asisikie kwa mtu mwingine kwamba mko mjini. Mpigie simu kabla hujasafiri, mweleze habari ya rufaa, kisha mpe kazi ambayo wewe uliye Tabora au Songea huwezi kuifanya: aende akakitazame chumba kwa macho yake. Aliyekutafutia mahali pa kulala hawezi kusema kwamba umemtenga. Jumapili nenda ukale kwake.

Sasa tuje kwenye bei. Mtu anayetafuta chumba rahisi huuliza kwanza ni kiasi gani kwa usiku. Swali hilo si baya, ila si la kwanza. La kwanza ni umbali. Tuseme umepata chumba Manzese kwa shilingi 20,000, na kingine, cha namna ileile, karibu na hospitali kwa shilingi 30,000. Kwa siku saba cha Manzese ni 140,000 na cha karibu ni 210,000. Tofauti ni 70,000, nawe unafurahi kwamba umeziokoa. Lakini anayeuguza hafiki hospitali mara moja kwa siku. Saa za kuona wagonjwa kwa kawaida ni asubuhi, mchana na jioni. Ukienda na kurudi mara tatu, ni safari sita. Tuseme kila moja ni shilingi 1,000, kwa siku saba ni 42,000. Ongeza bajaji ya shilingi 5,000 kila usiku unapochelewa, ni 35,000 nyingine. Jumla ni 77,000. Chumba rahisi kimekuwa ghali kwa shilingi 7,000, na bado hujahesabu usingizi uliopotea wala miguu iliyovimba.

Utasema kwamba unaweza kushinda hospitalini tangu asubuhi hadi jioni. Unaweza, siku ya kwanza na ya pili. Siku ya nne utakuwa mgonjwa wa pili.

Mimi nililijua jambo hili kwa kuumia. Mwezi Aprili mwaka 2018 nilimuuguza shangazi yangu aliyelazwa Upanga. Nilipanga chumba ng'ambo ya Jangwani, upande wa Magomeni, nikijisifu kwa bei niliyoipata. Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi Bonde la Msimbazi lilikuwa limejaa, na barabara ya Morogoro pale Jangwani ilikuwa imefungwa, kama ilivyofungwa mara nyingi kabla ya hapo na baada yake. Upanga ni jirani tu ukiwa Magomeni, lakini siku ile ilikuwa kama ng'ambo ya bahari. Nilizunguka kupitia Kinondoni na barabara ya Ali Hassan Mwinyi pamoja na watu wote waliozunguka huko, nami nilifika wodini adhuhuri, chupa ya uji mkononi, uji umepoa. Shangazi alikuwa amekwisha kunywa. Mama mmoja wa Lindi, aliyekuwa akimuuguza mumewe katika wodi ya jirani, alikuwa amemgawia. Shangazi hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hukupata chumba upande huu?"

Basi kabla ya kupanga chumba, soma rufaa yako vizuri. Muhimbili ni mbili: ya Upanga, ambayo wengi wetu tunaijua, na ya Mloganzila, iliyo huko Kibamba mbele ya Mbezi. Kati yake ni safari ya zaidi ya kilomita 20. Nimewaona watu waliolipa chumba cha wiki nzima Kariakoo, kisha wakagundua kwamba mgonjwa wao anatakiwa Mloganzila. Wa Mloganzila atafute Kibamba au Mbezi, na hana haja ya kuuona mji.

Wa Upanga ana njia mbili. Upanga penyewe vyumba rahisi ni vichache, lakini Kariakoo, Gerezani na Ilala vipo vingi. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, yana kituo kiitwacho Fire, na kutoka hapo mtu mwenye afya huenda Muhimbili kwa miguu. Kariakoo, mtaa ambao jina lake lilizaliwa na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika vita ya 1914 hadi 1918, bado ni mtaa wa wabeba mizigo, na mikokoteni huanza kupita kabla ya adhana ya alfajiri. Ukilala huko, omba chumba cha nyuma. Wa Ocean Road naye asogee upande wa Kivukoni na Posta, ingawa huko bei hupanda. Usisahau pia nyumba za taasisi, kama Kituo cha Msimbazi kilichoko Ilala, na zile za YMCA na YWCA zilizo mjini. Zimepokea wasafiri kwa miaka mingi, na aghalabu huwa tulivu kuliko gesti zenye baa.

Na hapa niseme neno juu ya baa. Kibao cha "hoteli" katika miji yetu mara nyingi huonyesha mahali pa chai na wali. Ukitaka kulala, uliza nyumba ya wageni, au gesti kama wasemavyo watu wote. Gesti nazo ni za aina mbili. Ipo ya wasafiri, na ipo ile ya wageni wa saa chache, ambayo milango yake hufunguliwa na kufungwa usiku kucha na muziki wake hauzimwi. Mama aliyetoka Sumbawanga na binti yake hawezi kujua tofauti hiyo kwa kutazama rangi ya ukuta. Ndugu aliyetumwa kukagua chumba atajua, hasa akienda saa mbili usiku badala ya saa nne asubuhi.

Ukifika, usilipe kabla ya kukiona chumba. Mhudumu mwema hakasiriki. Washa pangaboi uone kama linazunguka, na uliza umeme ukikatika pana jenereta au hapana. Fungua bomba. Mwezi Oktoba mwaka 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua, jiji zima lilipewa maji kwa mgawo, na tangu hapo mimi hutazama kama bafuni pana pipa na kama pipa lina maji. Tazama chandarua kwa kukikunjua, kwa sababu tundu moja linatosha kumwingiza mbu. Mbu wa Dar es Salaam si wa usiku tu: homa ya dengu, iliyolikumba jiji mwaka 2014 na tena 2019, huletwa na mbu anayeuma mchana, nawe utakuwa umejilaza saa nane ukisubiri saa za jioni. Tazama dirisha. Likiwa na nondo, na mlango ni mmoja, uliza watu hutokea wapi moto ukiwaka. Shuka, sabuni na kandambili kwa kawaida utavikuta. Kufuli lako mwenyewe chukua nyumbani.

Utaletewa kitabu cha wageni uandike jina, kabila, kazi, unakotoka na unakokwenda. Andika kweli, na uwe na kitambulisho. Wapo waonao haya kuandika kwamba wanauguza. Mwambie mhudumu wazi kwamba una mgonjwa hospitalini, ili atakapokuona unatoka saa kumi na moja alfajiri asikushuku, na usiku akufungulie. Ndipo umwombe bei ya wiki. Wengi hupunguza kwa anayekaa siku nyingi na kulipa kwa siku mbili au tatu mbele. Ila usilipe wiki nzima kwa mkupuo, maana mgonjwa anaweza kuruhusiwa kesho, au kuhamishwa. Tena usitume fedha za kushika chumba kwa simu kwa mtu ambaye wewe wala ndugu yako hamjamwona. Picha nzuri ya kitanda hupigwa na yeyote.

Kuna majira ambayo vyumba huadimika. Wakati wa maonyesho ya Sabasaba, tangu mwisho wa Juni mpaka Julai, upande wa Temeke na Kurasini hujaa, na Kariakoo hujaa wafanyabiashara wa mikoani kabla ya sikukuu. Rufaa haichagui majira, lakini miadi ya kurudi kliniki mara nyingine daktari hukubali kuisogeza ukimweleza. Miezi ya Juni hadi Agosti hewa ni ya afadhali hata chumba kisicho na kiyoyozi kikalalika. Januari na Februari, tafuta chumba chenye madirisha pande mbili kabla ya kutafuta kingine chochote.

Juu ya kufika: stendi ya mabasi ya mikoani iko Mbezi tangu mwaka 2021, mbali na katikati ya mji. Ukishuka usiku wa manane na mgonjwa anayeweza kusubiri, lala Mbezi usiku ule mmoja, uingie mjini asubuhi kwa mwendokasi. Teksi ya usiku inaweza kula fedha za chumba za siku mbili. Wanaotoka Dodoma na Morogoro kwa treni mpya, iliyoanza mwaka 2024, wao hushuka mjini kabisa, karibu na Gerezani, na kwa mgonjwa asiyeweza kutikiswa hilo ni jambo kubwa.

Kisha siku. Bima ya afya humhudumia mgonjwa. Kitanda cha anayemsindikiza hakimo. Ukiambiwa vipimo ni vya wiki moja, panga fedha za siku kumi. Majibu huchelewa, na huja kipimo kingine ambacho hakikutajwa. Nauli ya kurudi usiibebe kabisa: mwachie mtu mwaminifu nyumbani, aitume kwa simu siku ya kuondoka. Iliyo mfukoni italiwa, si kwa ubadhirifu, bali kwa dawa iliyokosekana dirishani saa tatu usiku.

Siku ya kuruhusiwa ina usumbufu wake. Gesti nyingi humtaka mgeni atoke saa nne asubuhi, na karatasi za kumtoa mgonjwa huenda zikakamilika mchana au alasiri. Zungumza na mhudumu jioni ya kabla yake. Akikubali, funga begi, lipa unachodaiwa, uache mizigo kwake bila kulipia siku nyingine. Chupa ya chai tu usiiache hapo. Nenda nayo wodini imejaa uji, kwani kutoka Upanga hadi Mbezi, na foleni ya barabara ya Morogoro, mgonjwa atauomba kabla hamjavuka Ubungo.