Nyapara akigeuka mfalme katika mashamba ya majani chai

FEBRUARI 2023, Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC) lilipeperusha makala yaliyoishtua sekta ya majani chai nchini. Zaidi ya wanawake 70 waliofanya kazi katika mashamba ambayo kwa miaka mingi yalimilikiwa na kampuni za Unilever na James Finlay walieleza jinsi walivyodhulumiwa kingono na wasimamizi wao.

Kampuni husika ziliwasimamisha kazi baadhi ya waliotajwa, na Starbucks ikasitisha ununuzi wa chai kutoka James Finlay Kenya. Lakini hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2011, shirika la utafiti la SOMO kutoka Uholanzi lilikuwa limechapisha ripoti yenye madai kama hayo kuhusu Kericho, wakati mashamba ya Unilever yakiwa tayari na cheti cha Rainforest Alliance.

Je, uovu huo ulidumuje mahali penye maelfu ya watu, chama cha wafanyakazi na kanuni zilizoandikwa?

Jibu limo katika mpangilio wa maisha shambani. Kutoka Kericho hadi Konoin na Sotik katika Kaunti ya Bomet, mchumaji katika shamba kubwa aghalabu huishi katika nyumba ya kampuni na kutibiwa katika zahanati ya kampuni. Akifutwa kazi, amepoteza pia paa la watoto wake. Aidha, malipo yake hutegemea kilo. Nyapara akimpeleka penye majani haba, mshahara hupungua bila barua wala onyo.

Mashine za kuchuma chai nazo zimepunguza nafasi za kazi, jambo lililozua maandamano Kericho mnamo Mei 2023 ambapo mashine kadhaa ziliteketezwa. Kazi inapokuwa adimu, anayeigawa hugeuka mfalme.

Dalili za mahali pa kazi palipooza si ngumu kuzitambua. Wageni huonywa kwa minong'ono ni nani wa kuepukwa. Malalamiko hupokewa na yule yule anayelalamikiwa, au na rafiki yake. Mlalamishi huhamishwa huku mshukiwa akisalia palepale. Hatimaye watu husema kwamba ndivyo kazi ilivyo, na aibu humwandama aliyetendewa badala ya aliyetenda.

Sheria haiungi mkono desturi hiyo. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinahesabu kuwa unyanyasaji wa kingono hali ya mwajiri au msimamizi kudai ngono kwa ahadi ya upendeleo au kwa vitisho. Kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kutoa sera dhidi ya uovu huo baada ya kushauriana nao. Sheria hiyo pia hairuhusu mfanyakazi kufutwa kwa sababu tu amewasilisha malalamiko ya kweli. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 nayo inampa mwathiriwa njia ya kwenda polisi.

Kwa mchumaji aliyebanwa, hatua ya kwanza ni kutobaki peke yake. Anafaa kumweleza mtu anayemwamini mapema, kuhifadhi tarehe, jumbe za simu na kumbukumbu za kilo zake, kisha kupeleka malalamiko kwa maandishi kwa chama cha wafanyakazi au ofisi ya leba. Aliyebakwa afike hospitalini haraka, kwani matibabu ya kuzuia virusi vya Ukimwi sharti yaanze ndani ya saa 72.

Hata hivyo, ni dhuluma nyingine kumtwika mnyonge mzigo wote. Unilever iliuza biashara yake ya chai mwaka 2022, na mwaka uliofuata Browns ya Sri Lanka ikakubali kununua mashamba ya James Finlay. Mabango ya langoni yamebadilika. Lakini mmiliki mpya hataleta mabadiliko iwapo ugavi wa kazi, nyumba na sehemu za kuchuma utabaki mikononi mwa mtu mmoja. Ugavi huo ufanywe kwa orodha iliyo wazi, na malalamiko yasikizwe na watu wasio chini ya nyapara. Bila hivyo, ripoti nyingine itakuja, na itakuwa na majina mapya ya wanawake wale wale.