Dalali, nani kakupa rungu?

Kijana wa Ngarenaro, wa Unga Limited, wa Sakina, na wewe wa Tengeru unayeshuka mjini na daladala ya alfajiri, hebu nikuulize. Tuseme una kibanda chako cha kuchomelea mageti. Halmashauri inakudai malimbikizo, ukaenda ofisini kwa miguu yako mwenyewe, mkapatana ulipe elfu hamsini kila mwezi. Miezi mitatu umelipa na risiti unazo. Mwezi wa nne anashuka bwana mmoja kwenye pikapu na mabaunsa wawili na mgambo nyuma: "Makubaliano yale yamekufa. Kuanzia leo ni laki moja na nusu, na elfu arobaini ya usumbufu wetu. Hutaki, mashine tunapakia." Utafanyaje?

Wengi wetu tunafanya moja kati ya mawili. Ama tunatoka nduki kwa uchochoro wa nyuma, ama tunampoza bwana mkubwa kwa "chai" ya elfu kumi. Yote mawili ni ujinga, na mniwie radhi kwa neno hilo. Ukikimbia, mashine inapakiwa bila shahidi. Ukitoa chai, umemfundisha njia ya kurudi Ijumaa ijayo, maana chai haina risiti na deni lako liko palepale.

Kwanza tujue huyu mtu anakula wapi. Tangu miaka ya 1990 halmashauri nyingi za nchi hii zilizoea kukodisha ukusanyaji wa ushuru kwa mawakala. Wakala anaahidi kuipa halmashauri kiasi fulani, kinachozidi ni chake. Dalali wa kukamata mali naye anaishi kwa ujira unaotokana na kazi hiyohiyo ya kukamata. Sasa wewe unayelipa kidogokidogo kwa uaminifu una faida gani kwake? Humpi mnada. Ndiyo maana awamu inapandishwa mlangoni kwako, wala haipandishwi kwenye kikao cha halmashauri.

Hapo ndipo pa kumkamatia. Ibara ya 138 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema kodi ya aina yoyote haitozwi ila kwa mujibu wa sheria. Kinywa cha dalali si sheria. Kama ana karatasi ya mahakama, aitoe uisome, jina ni lako au la jirani, kiasi ni kipi, mhuri ni wa mahakama ipi. Kama hana, akuonyeshe hati nyingine, kaisaini nani na kwa kifungu kipi. Ujira wa dalali wa mahakama nao umewekwa kwenye kanuni, haupangwi kwa kuangalia ukubwa wa kibanda.

Na kama kweli kuna hukumu, Sheria ya Mwenendo wa Madai ya mwaka 1966, kifungu cha 48, imetaja vitu visivyokamatwa: nguo za mdaiwa na familia yake, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na vifaa vya fundi vya kufanyia kazi yake. Fundi, umesikia? Sheria hiyohiyo inamzuia mkazaji hukumu kuingia nyumba ya mtu ya kuishi baada ya jua kuzama na kabla halijachomoza. Anayegonga saa nne usiku kwa jina la mahakama, mwambie arudi asubuhi, na uwaite majirani na mwenyekiti wa mtaa waje kuona sura yake.

Sisemi usilipe. Mitaro ya Unga Limited haitajizibua yenyewe. Unachodaiwa kihalali kilipe, tena kwa namba ya malipo ya serikali, ile mnayoiita kontro namba, kamwe si kwenye simu ya mtu. Makubaliano ya awamu yawe ya maandishi yenye mhuri, nakala moja ibaki kwa mtu mwingine. Biashara ikiyumba, wahi wewe ofisini na barua kabla hawajaja wao. Awamu ikibadilishwa, ibadilishwe na yule mliyepatana naye.

Watawala wetu hawapendi tukumbushane haya, lakini milima hii ina historia na kodi. Upareni katika miaka ya 1940, enzi za serikali ya Mwingereza, ililetwa kodi ya mbiru, ya kumpima mtu mali yake. Wapare walishuka kwa maelfu wakakaa Same, hawakupiga mtu, wakakataa tu. Mbiru ikafa. Wameru walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, walichangishana senti zao wakampeleka Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Ardhi hawakuirudishiwa pale, lakini dunia ilijua.

Kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 1969, ikarudi na sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982 ikiwa imebatizwa "kodi ya maendeleo". Wazee wanaikumbuka: vizuizi barabarani, mgambo alfajiri, wanaume wazima wanalala migombani kama wezi kwa kukosa risiti. Januari 1998 Arumeru ikachafuka, wananchi wakaigomea. Mwaka 2003 kodi ile ikafutwa nchi nzima, waziri wa fedha akiwa Basil Mramba. Hata Uingereza yenyewe, iliyotufundisha kodi ya kichwa, Thatcher alipowaletea watu wake mwaka 1990 walijaa mitaani London, na kabla mwaka haujaisha mama yule alikuwa nje ya Ikulu yao.

Kodi ilikufa, tabia haikufa. Mgambo alibadilisha gwanda tu. Mwaka 2018 machinga waliuziwa vitambulisho kwa shilingi 20,000 wakiambiwa sasa hakuna wa kuwagusa. Waulizeni wa Kilombero na Samunge kama hawakuguswa. Mwaka 2021 Rais Samia mwenyewe alikemea ukusanyaji kodi wa mabavu. Kama juu wanakemea na chini wanapakia, basi kati yao yuko anayekula, na tumtafute.

Pa kumtafutia ni kwenye baraza la madiwani. Kaeni kumi, ishirini, mliopandishiwa awamu mlangoni, mkusanye risiti zenu na mpeleke kwa diwani wenu barua moja yenye majina yote. Aulize barazani: wakala huyu alipewa kazi kwa zabuni ipi, mkataba unampa asilimia ngapi, na ile elfu arobaini ya usumbufu iliingia kwenye akaunti gani? Ajibiwe kwa maandishi. Diwani akikataa kuuliza, jina lake tunalo, na kura tunazo.