Kengele ya Tenki Ihesabiwe kwa Saa

Kifaa kinachopima kina cha maji ndani ya tenki na kutuma ujumbe kwenye simu si kitu cha mijini pekee tena. Kikifungwa kwenye mradi wa maji wa vijijini, tuseme Nyabusozi au kwingineko Biharamulo na Ngara, swali gumu si la bei wala la mtandao, bali kengele ilie maji yakifika wapi. Kwa fundi anayefunga, jibu rahisi ni asilimia 20, kisha anakusanya vifaa vyake na kuondoka. Naona hapo ndipo kifaa kinapoharibiwa kabla hakijaanza kazi, kwa sababu asilimia haimwambii mtu amebakiwa na muda gani.

Chukua tenki la lita 50,000 ambalo asubuhi, foleni za madumu zikiwa ndefu, hutoa lita 8,000 kwa saa. Asilimia 20 ni lita 10,000, yaani saa moja na robo. Kama fundi wa pampu anatoka Biharamulo mjini, na kupata spea na usafiri kunamchukua saa tatu, kengele hiyo ni tangazo la msiba tu. Ingepaswa kulia zikiwa zimebaki lita 24,000, karibu nusu ya tenki. Hesabu hii hawezi kuifanya mtu wa kiwandani. Kinachoiweza ni chombo cha watumia maji, kilichopewa nafasi yake na Sheria Na. 5 ya 2019 iliyounda RUWASA, wakala wa maji vijijini, kwa kuwa ndicho kinachojua foleni huwa ndefu saa ngapi, barabara hukatika msimu gani na umeme wa LUKU wa pampu huisha lini.

Kwamba taarifa ikimfikia mtu mwenye wajibu huleta tofauti, jirani zetu wameonyesha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu pampu za mkono nchini Rwanda ulikuta kwamba kwa utaratibu wa kawaida pampu ilisubiri matengenezo yapata siku 152. Pale vihisi vilipotuma taarifa na mafundi wakawa tayari kuitika, zikawa siku 21. Kifaa peke yake kisingefanya hivyo. Kuna mtu aliyelipwa kwenda.

Yupo atakayesema basi tuweke kengele nyingi, kila asilimia kumi, tuwe salama zaidi. Lakini kengele zikizidi hazisikilizwi: kwenye kiwanda cha mafuta cha Milford Haven, Wales, tarehe 24 Julai 1994, waendeshaji walipigiwa kengele 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Simu ya katibu wa maji ikilia usiku kucha, ataizima kama ambavyo yeyote kati yetu angeizima. Kwa kijiji zinatosha tatu: maji yanakaribia kumwagika huku pampu inakula umeme, maji yanashuka usiku wakati hakuna anayechota (bomba limepasuka, au kuna mwizi), na saa zilizobaki zimelingana na saa za fundi kufika. Kila moja isubiri dakika chache kabla ya kulia, maana maji yanayoingia kwa kishindo hutikisa uso wa tenki. Isinyamaze pia kwenye kina kile kile ilikoanzia, la sivyo italia na kunyamaza, kulia na kunyamaza.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mlinzi akipanda ngazi na kuchungulia, au boya lenye kamba na kipimo nje ya tenki, vinatosha. Kwa tenki lililo katikati ya kijiji, nakubali, na fedha ziende kwenye bomba. Lakini la juu ya kilima halichunguliwi saa nane usiku. Hata hivyo boya libaki, kwani kipima hukwama: Buncefield, Uingereza, Desemba 2005, kipima cha tenki la petroli kilisimama huku petroli ikiendelea kuingia, na swichi ya tahadhari iliyokuwa tegemeo la mwisho haikufanya kazi.

Kwa hiyo mradi usitiwe saini ya makabidhiano mpaka valvu ifunguliwe, maji yashuke mbele ya kamati, kengele ilie kwenye simu ya mtu anayejulikana kwa jina, na fundi apigiwe papo hapo aulizwe atafika saa ngapi.